Gauni la Pili

Poplini ambayo haijaguswa na maji ina harufu yake, harufu ya wanga na ya duka lililofungwa, na mimi nikiinusa popote nilipo hutafuta pa kukaa. Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kwa fundi ashonewe sare za shule. Fundi mwenyewe kijana mdogo, anasikiliza muziki kwenye simu huku anafanya kazi. Alitandaza kitambaa cheupe mezani, akakikunja mara mbili, akachukua mkasi. "Nakata mbili kwa mpigo, mama," akaniambia, "moja ikifuliwa, nyingine inavaliwa." Nikamwambia sawa. Halafu nikatoka nje nikakaa juani, mpaka binti yangu akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani mjini Kahama. Alishonea barazani kwa Baba Nasra, Mhindi mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka la vitambaa; watu walinunua kitambaa ndani, wakatoka nacho nje hatua chache, wakamkabidhi Baba. Nyumbani kwetu kulikuwa Nyahanga. Tulizaliwa mapacha, Kulwa na mimi Doto, na nyinyi mliokulia Usukumani hamna haja ya kuelezwa maana yake. Mapacha hupewa sawa na kwa wakati mmoja. Andazi likiletwa yanaletwa mawili, na Kulwa akichapwa kwa kumwaga maziwa, nami nilichapwa kidogo ili asijione mpweke. Baba alikuwa amelifanya jambo hilo kuwa ufundi. Alikunja kitambaa, akaweka chaki, akapitisha mkasi mara moja tu, na magauni mawili yakaanguka mezani. Aliwatambia mafundi wenzake kwamba yeye watoto wake wanamgharimu nusu ya kazi.

Nyumba yetu ilikuwa na dini za kutosha. Bibi, mama yake Baba, aliamka kabla ya wote, akakoroga unga wa mtama na maji ndani ya kibuyu, akanyunyiza mlangoni huku akiwasalimia masamva, yaani wazee wetu waliokwisha kufa, mmoja mmoja kwa majina. Mama alikuwa ameokoka. Kanisa lao lilikuwa banda la mabati lenye ngoma na gitaa, na nyimbo zake alizileta mpaka kwenye karai la vyombo. Asubuhi Bibi alinong'ona mlangoni, Mama akaimba uani, na kila mmoja alijifanya hamsikii mwenzake.

Baba alikaa katikati kwa raha zake. Jumapili alivaa suti akaenda na Mama. Siku ya Iddi alikula pilau kwa Baba Nasra na kurudi na nyingine ndani ya hotipoti. Bibi akimwita mlangoni, alivua kofia akachuchumaa kando yake. Watu walipomtania kwamba hajulikani yuko upande gani, alicheka. "Mimi fundi bwana. Nashona kanzu, nashona majoho ya kwaya, nashona kaniki za mganga. Wote ni wateja wangu." Nilimpenda sana Baba alipokuwa akisema hivyo. Nilidhani kila nyumba duniani inakaa hivyo.

Tulikuwa darasa la pili, mvua zilikuwa zimekwisha kukolea, Kulwa akashikwa na homa. Usiku alichemka, asubuhi Mama akambeba hadi kanisani, na wazee wa kanisa wakamwekea mikono. Mimi nilifuata nyuma. Walimlaza kwenye benchi mbele, wakampa soda nyekundu anywe kidogo kidogo, na mimi nikakaa nikingoja ya kwangu. Haikuja. Ilikuwa mara ya kwanza maishani Kulwa kupewa kitu bila mimi, na hilo ndilo lililoniuma siku ile. Homa sikuiona kuwa kitu. Niliona tu kwamba ameanza kupendelewa.

Bibi alifika mchana, akasimama nje ya mlango wa kanisa. Hakuingia.

"Mama Kulwa," akaita, "nipe mtoto. Huyo si mtoto wa kuombewa kama watoto wengine. Huyo pacha. Walipozaliwa nilisema wafanyiwe mambo yao, ukakataa. Sasa masamva wenyewe wanauliza."

"Mama, hakuna wenyewe," Mama alimjibu kutoka ndani, bila kusimama. "Mwenyewe ni mmoja tu, na tunaye hapa."

"Ng'wanone, mwanangu, nakuomba."

"Mwacheni mtoto wangu, Mama. Mungu ameanza kazi."

Wakamwita Baba. Alikuja na baiskeli, akamsikiliza Mama ndani, akatoka nje akamsikiliza Bibi, akarudi ndani tena. Mimi naikumbuka ile baiskeli imeegemezwa ukutani, gurudumu bado linazunguka. Alimwambia Mama aombe mpaka jioni, kisha ampe Bibi mtoto. Bibi akasema jioni mbali. Mama akasema jioni karibu mno. Hakuna aliyesema hospitali, na Baba, aliyezoea kuwaridhisha wote, alikuwa akitafuta kipimo kitakachowatosha wawili. Siku ile ikaisha hivyo, na nyingine ikaanza vilevile.

Aliyekata shauri alikuwa Mama Nasra, mke wa mwenye duka. Alikuja kuuliza kwa nini fundi haonekani barazani, akiwa na mtandio wake kichwani, akapita katikati ya waombaji bila kuombwa. Alimfunua Kulwa ukope. "Huyu hospitali, sasa hivi," akasema. "Mungu mtamkuta hukohuko." Akambeba mwenyewe hadi kwenye pikapu ya duka. Hospitalini walimtundikia dripu, wakafanya walichoweza, na wakasema malaria imekwisha kupanda kichwani, angeletwa jana yake. Kulwa alikufa kabla jua halijatua.

Mimi sikuambiwa hivyo. Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia hadi leo, kwa kuwa nilikuwepo, nina macho na masikio, na bado sikujua.

Bibi alikusanya watu wa nyumbani kabla mwili haujafika. "Kwetu pacha haliliwi," akasema. "Ukimlilia aliyekwenda, unamwonyesha njia aliyebaki. Asitoke mtu na chozi." Alinitazama mimi, na wote wakanitazama. Aliagiza kaburi lichimbwe bondeni, penye unyevu, kwa sababu mapacha hawazikwi pakavu. Mimi nilifungiwa kwa jirani lilipokuwa likichimbwa, na tena walipokwenda kuzika. Kisha Mchungaji akaja na kwaya, naye akasema wao hawalii, kulia ni kazi ya watu wasio na tumaini, mtoto amelala tu. Wakaimba na kupiga makofi uani kwetu kama kwenye sherehe. Mama aliimba nao. Sauti yake ilikuwa juu kuliko zote, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

Katika miaka yote ile, hilo ndilo jambo pekee ambalo Bibi na kanisa la Mama walikubaliana.

Mama Nasra alipofika, alivua viatu, akaketi mkekani, akaangua kilio. Alilia kwa sauti, akimtaja Kulwa kwa jina, akijipiga mapaja. Wanawake wakamkimbilia, wakamziba mdomo kwa khanga kwa upole, wakamtoa nje hadi kwenye pikapu. Mimi nilimwonea huruma. Nilidhani kuna mtu kamtukana.

Basi nikaunganisha maneno niliyokuwa nayo. Mchungaji alisema amelala. Bibi, nilipomuuliza, alisema, "Kulwa ametangulia, ng'wanone. Wewe usimfuate mbiombio." Sikuelewa mtu anatanguliaje huku amelala, lakini niliona kwamba vyovyote vile atakuwa mbele. Njiani kwenda shule nikawa natazama migongo ya wasichana walio mbele yangu. Nilipolia kwa kuangusha daftari matopeni, nilijizuia haraka. Sikutaka kumfuata mbiombio nikamkuta bado usingizini.

Siku chache baada ya mazishi Baba aliamka akachukua kalenda ya kanisa ukutani, akaikunja. Akachukua kibuyu cha Bibi mlangoni. Vyote akavitia ndani ya gunia la vipande vya nguo, akalifunga mdomo.

"Kuanzia leo," akasema, "hapa kwangu sitaki Mungu wa mtu wala mizimu ya mtu. Mmegombania mtoto kama mbuzi wa mnada. Nani amempata?"

Bibi alikwenda kukaa kwa shangazi, Buseresere. Asubuhi ya safari nilimpa mfuko wa plastiki wenye gauni la Kulwa la maua ya njano, nikamwambia ampelekee, maana kama katangulia basi lazima yuko ule upande wa mbali unakokwenda basi. Bibi aliupokea kwa mikono miwili. Midomo yake ilicheza kidogo, lakini akasema tu, "Wabeja, mayu," asante mama, kama anavyoshukuriwa mtu mzima, akapanda.

Kule barazani Baba akageuka mhubiri wa kutokuwa na dini. Miaka ile wachimbaji wadogo walikuwa wakishuka kutoka machimboni wakiwa wamepata, wanataka suruali za kushonwa leo zivaliwe leo, na walipokuwa wakisubiri Baba aliwapa somo. Dunia isingekuwa na dini, alisema, watu wangetumia akili. Mtoto akiumwa angepelekwa kwa daktari na mambo yakaisha. Baadhi walimuunga mkono, maana wengi wao walikuwa wamewalipa waganga wawaonyeshe mkanda wa dhahabu wakaambulia udongo. Baba Nasra alimsikiliza akiwa ndani ya kaunta.

"Fundi," siku moja akamwambia, "mimi sibishani na wewe. Umeumia. Lakini niambie, ule unga unaokula tangu msiba, nani analeta?"

Baba alikanyaga cherehani. Unga ulikuwa ukiletwa na akina mama wa kanisani. Walikuja kwa zamu, wakapalilia shamba la Mama ambaye hakuweza kushika jembe, wakamchotea maji, wakaondoka bila kuomba kwa sababu mwenye nyumba alikataza. Baba aliula ule unga. Alikuwa na haki ya hasira yake, na wao walikuwa na mikono yenye malengelenge kwa ajili yetu, na mimi hadi leo sijaweza kufuta kimoja ili kingine kikae vizuri.

Nyumba isiyo na dini mwanzoni niliifurahia. Tulikula chakula kikiwa moto bila sala ndefu. Kisha nikaanza kusikia ukimya. Mlangoni hakuna anayesalimia watu kwa majina, kwenye karai hakuna wimbo, vyombo vinagongana tu. Watu nao hawakujua wamwiteje Mama. Wengine walisema Mama Kulwa kwa mazoea, wakashika midomo, wakageuza wakasema Mama Doto. Yeye aliitikia yote mawili kwa sauti ileile ndogo.

Jambo moja tu lilinipa moyo. Shule zilipofunguliwa, Baba alitandaza poplini nyeupe mezani, akaikunja mara mbili, akapitisha mkasi. Sehemu za blauzi mbili zikaanguka. Alizitazama muda mrefu. Nilidhani anachagua vifungo. Sasa najua kwamba mkono wake ulikuwa umefanya peke yake kazi uliyoizoea, na kwamba hakuwa na nguvu ya kuitupa ile sehemu ya pili. Akazishona zote mbili. Moja nikavaa, moja akaitundika msumarini chumbani. Krismasi, ambayo alisema haituhusu tena, alishona magauni ya pinki, mawili. Nikasema moyoni, Baba ndiye mtu pekee anayejua Kulwa anarudi lini. Nilitamani kumuuliza, nikaogopa kuharibu.

Mambo yalifika mwisho alasiri moja, Mama akiwa na mimba ya mdogo wetu Shija. Alikuwa amepata nguvu kidogo, na alikuwa ameanza kwenda tena kanisani kimya kimya, Baba akijifanya haoni. Kulikuwa na mtoto yatima huko kanisani, rika letu. Mama alitoa lile gauni la pinki msumarini, akaanza kulikunja.

"Hilo halitoki," Baba akasema.

"Linakaa kufanya nini, Baba Doto? Mtoto wa watu anatembea uchi."

"Nimesema halitoki."

Mama akamgeukia. "Mimi ulinikataza kuimba. Mama yako ulimnyang'anya kibuyu chake, mtu mzima. Wewe kila msimu unamshonea marehemu nguo. Hiyo inaitwaje?"

Nilikuwa mlangoni. Niliona linataka kwenda, nikaingia katikati nikalishika upindo. "Mama, usilitoe," nikasema. "Kulwa akirudi atavaa nini?"

Mama aliachia gauni. Alikaa kitandani taratibu, mkono tumboni. Baba alinitazama kama ambaye amekuta mshono wa nguo nzima umekosewa tangu mwanzo, kisha akanishika mkono tukatoka.

Tulishuka bondeni, mahali ambapo sikuwahi kupelekwa. Palikuwa na majani mabichi na kichuguu kidogo cha udongo kilichoshuka kwa mvua, kimezungushiwa mawe. Baba alichuchumaa, akavua kofia. Sikuwa nimemwona akichuchumaa hivyo tangu alipokuwa akikaa na Bibi.

"Doto," akasema, "Kulwa alikufa. Hajalala, hajatangulia popote. Alikufa hospitalini, tukamzika hapa. Harudi. Sisi wakubwa tulikuwa tuna maneno mengi, hakuna aliyekwambia."

Nilitazama mawe. Nilihisi kitu kikipanda kutoka tumboni, kikubwa, kikafika kooni. Nikakumbuka maneno ya Bibi. Nilimuuliza Baba, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema mambo yale yote ni uongo, na ningemwamini yeye kuliko mtu yeyote.

"Baba, naweza kulia?"

Baba alifungua mdomo. Huyu ndiye aliyewaambia wachimbaji wote wa machimboni kwamba hakuna mizimu na hakuna mbingu, kuna akili tu. Nilimwona anataka kusema ndiyo. Kisha akanivuta kwake, akaniweka kiganja mdomoni, kiganja kilichonuka mafuta ya cherehani.

"Usilie," akasema. "Usilie tu, mwanangu."

"Lakini ulisema si kweli."

"Si kweli. Usilie."

Ndipo nilipojua kwamba naye hakuwa amelia. Tangu siku ile hospitalini, hata chozi moja. Hakuamini kitu, ila mimi nilikuwa nimebaki, na hakuweza kuniweka rehani kwa kutokuamini kwake. Tulikaa pale mpaka kile kitu kikarudi chini kilikotoka, tukapanda nyumbani.

Hakuacha kukata mawili, lakini tangu hapo la pili alimkabidhi Mama, naye alilipeleka alikotaka, na hakuna aliyemuuliza mwenzake neno. Kwa hiyo nilikua nikiona gauni langu likitembea mbele yangu mgongoni mwa msichana mwingine, njia ya shule. Nilijua ni yule yatima. Nilijua vizuri kabisa, na bado kila mara nilikimbia kidogo.

Watu wa umri wangu siku hizi wanapenda kubishana kwenye makundi ya simu kama nchi ingekuwa bora bila dini. Wanaandika marefu, wenye dini na wasio nayo. Mimi husoma nikanyamaza. Najua ni maombi na masamva yaliyokula siku ya pacha wangu, na wakinibana nitasema hivyo. Najua pia nani alitupalilia. Na najua mtu anaweza kuifunga dini yote ya nyumba ndani ya gunia, ikabaki ileile kooni kwake.

Baba alifariki mwaka jana. Aliacha neno kwa Shija kwamba asiombewe na yeyote, na Shija akalisimamia. Kumbe hakuna anayejua kuzika bila sala. Jeneza lilishushwa, watu wa Nyahanga wakasimama kuzunguka kaburi, hawajui waweke wapi mikono, kila mmoja akimtazama mwenzake aanze. Mama, mzee sasa, alikuwa na wimbo kifuani, niliuona, lakini alimheshimu mumewe. Palikuwa kimya kama palivyokuwa nyumbani kwetu ule mwaka.

Kisha Mama Nasra, aliyeletwa akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake, aliketi chini kwenye udongo, akaangua kilio vilevile, kwa sauti, akimwita fundi wake. Nikageuka kuwatazama wanawake. Hakuna aliyemkimbilia na khanga. Nikasikia sauti nyingine kubwa, mbaya, ya mtoto, na ikanichukua muda kutambua kuwa inatoka kwangu. Nilimlilia Baba, na katikati nikaanza kumtaja Kulwa, mbele ya watu wote, jina ambalo sikuwa nimelililia hata siku moja.

Nilipomaliza, nilikaa pale pale chini, mwanamke mzima mwenye watoto wake, nikisubiri kuona kama nitakufa.